YAH: Mkono wa Shamila

Barabara ya Sita,
Dodoma.
12 Mei 1997

Ndugu Rahimu Abdulrazaki,
Chemba.

YAH: KIBALI CHA MTOTO SHAMILA KUCHEZA MPIRA

1. Rejea makubaliano yetu ya mwaka 1991 mbele ya wazee, kwamba baada ya talaka mambo yote ya mtoto tutayazungumza kwa barua, na tukikutana mbele yake ni salamu tu, tusije tukabishana akasikia. Nimeyashika makubaliano hayo miaka sita na leo nayatumia tena.

2. Shule ya Shamila ilikuwa na mwalimu wa hesabu wa kujitolea kutoka Japani. Amemaliza muda wake amerudi kwao. Ameacha glovu tisa, mipira minne, rungu moja la chuma, na kijitabu cha Kijapani ambacho hakuna anayekielewa zaidi ya picha na tarakimu. Mchezo unaitwa softiboli. Anayeuendeleza ni Mwalimu Generosa wa jiografia.

3. Kwa nilivyoelewa, mmoja anarusha mpira na mwingine amesimama na rungu anataka kuupiga. Akiukosa mara tatu ametoka, anaingia mwenzake. Mpira haurushwi kwa juu kama jiwe. Mkono unazungushwa mzima mzima, unauachia chini ya kiuno. Shamila amechaguliwa kuwa mrushaji. Mimi sikushangaa, hapa mtaani wasichana wakicheza rede hakuna anayekubali kukaa katikati akijua Shamila ndiye anayerusha.

4. Fomu ya shule inataka sahihi ya baba. Sahihi ya mama haitoshi, nimeuliza mara mbili. Tafadhali saini, umpe Batholomeo, konda wa basi la Jumatano, airudishe.

5. Ofisi ilipotupunguza wapiga chapa, niliondoka na mtindo huu wa kuandika, na sasa nashona nguo nyumbani. Usiuchukulie vibaya.

Salamu kwa mkeo Sikuzani.

Salha


Chemba
21 Mei 1997

Mama Shamila,

Waaleikum salaam, ingawa hukunisalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikidhani nimeitwa mahakamani.

Mimi ni mtu wa mnadani. Nasimama katikati ya mbuzi na watu, nauza kwa mdomo. Nikiwaambia wale jamaa kwamba binti yangu anawarushia mpira watu wenye rungu la chuma, watanicheka mpaka mvua zirudi. Na atavaa nini? Una namba moja mpaka tano, hakuna namba ya nguo.

Ila nimekumbuka kitu. Alipokuwa na miaka mitano, tukiwa bado nyumba moja, alimpiga beberu wangu jiwe katikati ya pembe, yeye yuko mlangoni, beberu yuko kule zizini. Beberu alikaa chini. Nilimgombeza mtoto, halafu nikaingia ndani nikacheka peke yangu. Sikukwambia.

Nimesaini. Avae suruali ndefu. Akishinda aniandikie mwenyewe, si kwa namba.

Rahimu


Dodoma
3 Agosti 1997

Shikamoo Baba,

Hii ni barua yangu ya kwanza kwako. Niliandika nyingine kabla ya hii nikaichana kwa sababu sikujua nianzie wapi. Mama amesema ulisema nikishinda niandike.

Tumeshinda. Sisi Kidato cha Pili tumewafunga dada zetu wa Kidato cha Tatu. Nimewatoa wapigaji kumi na moja. Wa mwisho alikuwa Brightness, ambaye ni mrefu na anatutisha sana kwenye foleni ya maji, na alipokosa mara ya tatu alitupa rungu chini akasema mpira una dawa. Suruali Mama ameshona kwa kitambaa cha bluu cha pazia. Ni ndefu, usiwe na wasiwasi.

Kwenye kile kijitabu kuna ukurasa wenye picha ya mrushaji na jedwali. Maneno hatuyajui lakini tarakimu inasomeka: 60. Mwalimu Generosa anasema maana yake kila siku ya mazoezi lazima nirushe mara sitini. Nikifika hamsini mkono unakuwa mzito, lakini nafika.

Ukipata nafasi uandike. Si lazima.

Mwanao,
Shamila


Chemba
17 Agosti 1997

Kwako binti yangu Shamila Rahimu,

Marahaba mama! Kumi na moja! Barua yako niliisoma kwanza nikiwa peke yangu, kisha nikaisoma mnadani kwa sauti, kisha Silvano mchinjaji akaja amechelewa nikaisoma upya. Amesema nikuulize huyo Brightness ni mrefu kiasi gani. Mimi nilikuwa mtu wa kuchekwa hapa tangu lile jambo la ng'ombe niliyemnunua haoni. Leo nimenyoosha shingo.

Kila ukicheza uniandikie idadi. Usiache hata mmoja. Nimeweka kipande cha boksi ukutani, naandika kwa mkaa: tarehe, na waliotoka.

Na hizo sitini za kwenye kitabu ni za Wajapani. Wewe ni mtoto wa Rahimu. Desemba shule ikifungwa njoo Chemba, nitakutengenezea mahali pa kurushia. Usimwambie mama yako kila kitu, ataniandikia namba.

Baba yako mpenzi,
Rahimu


Barabara ya Sita,
Dodoma.
8 Januari 1998

Ndugu Rahimu,

YAH: HALI YA MTOTO BAADA YA LIKIZO

1. Mtoto amefika salama tarehe 3, na sote tunaendelea na mfungo.

2. Ameniambia ulitundika ngozi ya ng'ombe kati ya nguzo mbili, ukachora duara kwa mkaa, na kwamba Desemba yote alikuwa anarusha mara mia na ishirini kila asubuhi, wewe ukihesabu kwa sauti ya mnadani. Alinisimulia huku anacheka. Sijamwona akicheka hivyo akisimulia habari zako.

3. Nimempima sare mpya. Mkono wa kulia wa blauzi nimelazimika kuuachia nusu inchi zaidi ya wa kushoto. Tangu nianze kushona sijawahi kumkatia mtu mmoja mikono miwili tofauti.

4. Naomba upunguze. Ukimwandikia, muulize na masomo.

5. Kwa taarifa yako, Mwalimu Generosa amepata mechi. Jumamosi tarehe 14 Machi itakuja timu ya shule moja ya Dar es Salaam, ambayo nayo ilifundishwa na Wajapani.

Salha


Chemba
20 Januari 1998

Mama Shamila,

Ramadhani njema. Nusu inchi! Nimewaambia wote. Nimewaonyesha kwa kidole, nusu inchi ni kiasi hiki, wakaguna. Ahsante kwa kuniandikia habari nzuri, sikuzoea.

Kuhusu mechi ya Dar: nimemtenga kondoo dume. Ni yule mwekundu, mkia wake umejaa mpaka anatembea anayumba kama bibi harusi. Nimetangaza mbele ya watu kwamba timu ya Shamila ikiwafunga watu wa Dar, kondoo ni wao, waale na mwalimu wao. Neno la mnadani halirudishwi, unalijua hilo.

Masomo nitauliza.

Rahimu


Dodoma
8 Februari 1998

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Mazoezi yanaendelea vizuri. Jumamosi niliwatoa tisa. Mkono uko vizuri kabisa. Idd ilikuwa nzuri, nilivaa gauni la kijani.

Mwalimu Generosa amewaambia wasichana habari za kondoo. Wamemtungia wimbo. Kila nikiingia uwanjani wanauimba, wanasema wao wameshaanza kusikia harufu ya pilau.

Samahani kwa mwandiko, naandika haraka.

Mama anakusalimia.

Shamila


Chemba
1 Machi 1998

Kwako Shamila, mrushaji wangu,

Tisa imeingia ukutani. Ila mwandiko wako, mwanangu, umeharibika, herufi zinalala kama mtama uliopigwa na upepo. Mtu hodari huandika taratibu. Nilitaka kuisoma mnadani nikashindwa maneno mawili.

Nakuja. Nitapanda na kondoo, nimeshaongea na dereva. Nitamfunga mahali ambapo utamwona vizuri, ili ukichoka umtazame upate nguvu. Silvano naye alitaka kuja ila ana kesi ya shamba. Chemba nzima inakungoja. Mvua hizi zimezidi, lakini hata kwa miguu nitafika.

Uwatoe kumi na tano.

Baba yako


Dodoma
4 Machi 1998

Rahimu,

Leo sina kichwa cha barua wala namba.

Bega la Shamila limeumia. Si la jana. Tangu katikati ya Januari nimekuwa namsuka mimi, maana mkono haupandi kichwani. Nilidhani ni uvivu wa wasichana. Halafu nikamwona anavyokula. Anainamisha kichwa mpaka kwenye sahani, kwa sababu mkono wa kulia hautaki kufika mdomoni, na kwa mkono wa kushoto hawezi kula mbele yangu. Nikafunga mlango tukiwa wawili, akasema yote. Ile barua yake ya Februari uliyoilalamikia mwandiko, aliiandika kwa mkono wa kushoto.

Alinifanya niape kwamba sitakwambia. Navunja kiapo. Nilipomuuliza kwa nini anajiumiza, akanijibu: "Mama, kabla ya mpira Baba alikuwa ananitumia salamu kwa konda. Sasa ananiandikia jina langu juu ya bahasha."

Ningeweza kwenda kwa Mwalimu Generosa kesho asubuhi nikamtoa. Nimefika mpaka geti la shule nikarudi. Nikimtoa mimi, ataishi akijua mama yake ndiye aliyemtenga na baba yake. Wewe ukimwambia apumzike, atapumzika, na atajua bado anaye.

Kwa hiyo nakuomba, na mimi sikuombi mara nyingi. Njoo, lakini kondoo umwache Chemba. Mechi ikianza, nyoosha mkono tu umwite atoke. Atatoka, nakuhakikishia. Mimi nitakaa upande wa akina mama na sitasema neno, kama tulivyokubaliana. Batholomeo ameahidi barua hii atakupa mkononi.

Salha


Barabara ya Sita,
Dodoma.
17 Machi 1998

Ndugu Rahimu Abdulrazaki,

YAH: TAARIFA YA MECHI YA TAREHE 14 MACHI

1. Timu ya Dar es Salaam imeshinda, kumi na mbili kwa tano. Uliondoka na lori kabla sijarudi kutoka hospitali, kwa hiyo nakuandikia yaliyobaki.

2. Ule mpira wa mwisho, ulioanguka miguuni pake badala ya kwenda mbele, ndio uliomaliza kazi. Daktari anasema nyama ya begani imechanika. Mkono umetundikwa shingoni kwa wiki sita. Mwaka huu hatarusha. Kama atarusha mwakani, daktari hakutaka kusema.

3. Nilikuandikia tarehe 4. Nilikuomba jambo moja.

4. Ulimleta kondoo. Ulimfunga nyuma ya mdakaji anayepokea mipira, mahali ambapo mrushaji hana pengine pa kutazama.

5. Nilikaa zamu zake tano za kurusha nikingoja unyooshe mkono. Uliunyoosha mara nyingi, kila mara ulikuwa unahesabu.

6. Mtoto hajasema neno juu yako. Anasema tu kwamba timu imekosa pilau kwa ajili yake.

7. Kamba yako umeisahau kwenye bomba la uwanjani. Nimeiacha ofisi ya basi pamoja na barua hii.

Salha


Chemba
24 Machi 1998

Salha,

Barua yako ya tarehe 4 nimeipata tarehe 20.

Daraja lilikatika, basi likalala ng'ambo siku kumi na nne. Batholomeo alikaa huko huko na mfuko wake wa barua akilala kwenye viti. Mimi nilikuja Dodoma kwa lori la mbuzi lililozunguka njia ya magharibi, siku mbili, na ndilo nililorudi nalo. Muulize Batholomeo. Simwombi ushahidi wa uongo.

Alinipa barua zako mbili siku moja, maana ile ya pili ofisi ya basi ilimpelekea huko mtoni kwa gari jingine. Nilianza na ya tarehe 17 kwa sababu ilikuwa juu. Sikuelewa ulichokuwa unasema. Nikafungua ya chini.

Nilipofika uwanjani nilikukuta umekaa na akina mama. Nikakusalimu, ukaitikia, ukatazama pembeni. Nikasema moyoni, ndivyo tulivyokubaliana. Ulikuwa hatua kumi kutoka kwangu, Salha. Ulikuwa na neno moja mdomoni, na mimi nilikuwa na masikio mawili, na tukakaa hivyo zamu tano kwa sababu tuliwaahidi wazee hatutabishana.

Kila alipotaka kurusha alimtazama kondoo kwanza. Mimi nikafurahi. Nikamwambia mtu wa pembeni, unaona, anamtamani.

Nimerudi naye Chemba. Mnadani hakuna aliyenicheka, wote wamenyamaza, na hilo limeniuma kuliko kuchekwa. Kile kipande cha boksi nimekitoa ukutani. Nina aibu na nina uchungu, sina neno zuri la kuvifunikia. Nimeanza kumwandikia mtoto mara nne. Kila nikianza, mstari wa pili najikuta nauliza idadi, kwa sababu sijui baba mwingine anaandikaga nini.

Nifanye nini?

Rahimu


Barabara ya Sita,
Dodoma.
30 Machi 1998

Baba Shamila,

YAH: KUFUTA BAADHI YA MANENO

1. Nimemuuliza Batholomeo. Ni kweli, na amenionyesha alivyoumwa na mbu. Namba 3, 4 na 5 za barua yangu ya tarehe 17 nazifuta. Naomba radhi.

2. Kuna jambo hujui. Mwalimu Generosa alimwandikia yule mwalimu wa Japani tangu Januari, kumuuliza juu ya ukurasa wa jedwali. Jibu limefika Ijumaa. Ile sitini ni kikomo. Mrushaji wa umri wake asivuke mara sitini kwa siku, na kesho yake asirushe kabisa. Sisi tukaifanya ndiyo lazima. Mwalimu Generosa amekuja nyumbani akalia kwenye kiti changu cha wateja. Wewe uliongeza mara mbili. Mimi niliona mkono umevimba, nikachukua futi, nikaupima, nikaachia kitambaa. Kila mmoja wetu alikuwa anamsaidia mtoto.

3. Makubaliano ya mwaka 1991 nayafuta kuanzia leo. Wazee wawili kati ya watatu wameshafariki, na wa tatu nimemwambia, akasema hakumbuki. Siku nyingine ukiniona nimenyamaza, njoo uniulize.

4. Umeuliza ufanye nini. Basi la Jumatano likikaribia kuingia, Shamila anatoka kusimama mlangoni na mkono wake shingoni. Nikimuuliza anafanya nini, anasema anatazama mvua. Jumatano iliyopita hapakuwa na wingu hata moja.

5. Andika. Kama huna la kusema, andika habari za mbuzi.

Salha


Chemba
9 Aprili 1998

Kwako binti yangu Shamila Rahimu,

Natumaini bahasha imefika na jina lako halijafutika, maana Batholomeo ameiweka pamoja na chupa, na chupa ina mafuta.

Habari za mbuzi. Yule mweupe mwenye sikio moja amezaa mapacha, mmoja anafanana naye kabisa ila ana masikio mawili, kwa hiyo mama mtu anamnusa kwa mashaka. Sikuzani anakusalimu. Mtama umeota mpaka njiani, mvua imetuonea huruma na kutuonea pia. Silvano ameshindwa ile kesi ya shamba, lakini anasema amepata ndugu mpya mahakamani.

Ile ngozi nimeishusha. Nilitaka kuitupa, Sikuzani akasema ngozi haina kosa, sasa anaanikia mtama. Duara bado linaonekana katikati.

Jana ilikuwa Idd ya kuchinja. Nimemchinja yule kondoo mwekundu. Watu waliniambia nimuuze tu, nikakataa. Nyama wamekula majirani, na mimi nilikula kidogo. Mkia sikumpa mtu. Nimeuyeyusha mwenyewe kwa moto mdogo tangu baada ya sala mpaka alasiri, nikachuja mara mbili kwa kitambaa safi, na hayo ndiyo yaliyo kwenye chupa. Bega likitolewa kwenye kitambaa, na daktari akikubali, mama yako ayapashe moto kidogo, ayapake kuanzia shingoni kuteremka mpaka kwenye kiwiko, taratibu, asipandishe. Ana mkono mzuri wa kuchua, aliwahi kuninyoosha mgongo nilipoangushwa na punda. Asiyaache jikoni, mtu atakaangia mandazi.

Sasa nakuuliza jambo ambalo sikuwahi kukuuliza. Linauma?

Na Desemba, lilikuwa linauma? Nimekuwa nakumbuka. Ulikuwa ukifika tisini unanigeukia unanitazama. Mimi nikadhani unataka nihesabu kwa sauti kubwa zaidi, nikaongeza sauti. Nisamehe, mwanangu.

Nitakuandikia kila Jumatano. Iwe unarusha, iwe umekaa, iwe umeamua kushona na mama yako. Ukishindwa kuandika usijilazimishe, mwambie Batholomeo neno moja anifikishie, mimi barua yangu itakuja vilevile.

Baba yako,
Rahimu


Dodoma
19 Aprili 1998

Shikamoo Baba,

Naandika kwa mkono wa kushoto, na safari hii nakwambia. Nimeanza jana asubuhi. Ukisoma mnadani uwaambie hivyo, au usiwasomee kabisa, kama unavyopenda.

Chupa imefika nzima. Mama ameiweka kabatini kwenye nguo, ndani ya soksi, na ameandika karatasi juu yake: SI YA KUPIKIA. Daktari amesema baada ya wiki mbili. Mama ananusa kifuniko kila siku, anasema umechuja vizuri, hakutegemea.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikitafuta mahali ulipouliza idadi. Nikafikiri nimeruka mstari. Nikarudia kutoka juu.

Ndiyo, linauma. Asubuhi zaidi kuliko jioni. Nikilala ubavu wa kulia linauma sana. Nikicheka linauma kidogo, kwa hiyo ulipoandika habari za mbuzi mwenye sikio moja uliniumiza.

Desemba lilianza siku ya nne. Sikukwambia. Nilikuwa nakugeukia nikifika tisini kwa sababu nilitaka kukwambia basi, halafu nakuona umesimama pale, huna mbuzi, huna watu, unanitazama mimi tu na unahesabu. Nikawa sitaki uache.

Wasichana wamepata mrushaji mwingine, Priska. Mwalimu Generosa anamhesabia, na akifika sitini anamnyang'anya mpira. Mimi nakaa kwenye benchi na daftari, naandika. Nilidhani nitalia lakini sikulia, nililia Jumanne.

Mama anakusalimia. Safari hii ni kweli, amesema niandike.

Jumatano nitakuwa mlangoni. Nikiulizwa nitasema nangoja basi.

Mwanao,
Shamila